Hesabu ya Jana

Machi ya mwaka juzi, wiki ileile masika yalipoanza kujaza maji barabara za mitaa ya Gongo la Mboto, ofisi yetu ilitulipia wafanyakazi wote vipimo vya afya, nami nikaenda kama mtu anayekwenda kugongewa muhuri tu, kwa sababu sikuwa nikiumwa popote. Nesi aliyenipima, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, aliangalia kipimo changu cha sukari kilichochukuliwa kabla sijala chochote, akakiangalia tena, kisha akanisogezea karatasi. Ilikuwa imeandikwa 6.4. Akanieleza kwamba kwa kipimo cha asubuhi, tumbo likiwa tupu, kuanzia 7.0 mtu huhesabiwa kuwa na kisukari, na kwamba kati ya 6.1 na 6.9 mtu hajawa mgonjwa bado, lakini mwili umeshaanza kulemewa. Nilimuuliza nianze dawa gani. Badala ya kunijibu aligeuza ile karatasi upande usio na maandishi, akashika kalamu.

"Mama, jana ilikuwa siku ya kazi," akasema. "Hebu nisimulie tangu ulipoamka mpaka ulipolala, na kila uliponyanyuka uniambie ulitembea muda gani."

Nikasimulia. Niliamka saa kumi na nusu alfajiri, nikaoga, nikanywa chai. Bajaji ilinifuata getini ikanipeleka kituoni. Kwa kuwa daladala zetu zinaanzia hukohuko Gongo la Mboto nilipata kiti, nikakaa saa moja na nusu mpaka Posta. Lifti ilinipandisha ghorofa ya tano. Nilikaa mezani mpaka saa saba mchana, kijana wa mama lishe akaniletea wali na maharage palepale kwenye kompyuta, nikaendelea kukaa mpaka saa kumi na moja jioni. Foleni ya kurudi ilichukua saa mbili. Nyumbani dada anayetusaidia kazi alikuwa ameshapika, ameshafua, ameshadeki. Nilikula, nikaketi kwenye kochi kutazama taarifa ya habari, nikalala. Nesi alikuwa akiandika namba ndogondogo: dakika mbili kutoka mlangoni hadi getini, dakika nne kutoka daladala hadi ofisini, dakika moja msalani. Alipozijumlisha zilikuwa dakika 23. Upande wa pili wa mstari aliandika saa nilizokaa kitako, na zilikuwa zaidi ya 13.

Nilitaka kubisha, kwa sababu siku ile iliyoandikwa pale kana kwamba ni siku ya mtu asiye na kazi ilikuwa imenichosha hata nikalala na nguo za mchana. Na hapo ndipo ninapoona shida ya neno ambalo wataalamu wetu wa afya wamelichagua kuelezea maisha ya kukaa muda mrefu bila kuushughulisha mwili, yaani tabia bwete. Mtu bwete katika Kiswahili cha nyumbani ni mzembe, goigoi, mtu aliyekaa akingojea kufanyiwa. Mhasibu aliyeinamia kompyuta kwa muda wa saa tisa, fundi cherehani wa Kariakoo, dereva wa lori na mlinzi wa getini hawajioni humo, na wana haki. Wote hao wanachoka. Ila uchovu wao ni wa macho, wa mgongo na wa akili, huku miguu na mapaja, penye misuli mikubwa kuliko yote mwilini, vikishinda vimelala. Mji umetufunza kuchoka bila kutumia mwili, na tumedhani uchovu huo ni ushahidi kwamba mwili umefanya kazi.

Nilipotoka pale nilimfikiria baba yangu mdogo. Katika miaka ya 1990 aliendesha daladala ya Mwenge na Temeke, naye kwa muda wote huo alikuwa na konda mmoja tu, kijana mwembamba ambaye sikumbuki kumwona ameketi. Kila kituo alishuka kabla gari halijasimama, akaita abiria, akapokea mzigo, akapiga bati, akakimbia hatua mbili tatu na kurukia mlangoni, na safari ilipoanza alijipenyeza ndani kudai nauli huku ameinama chini ya paa. Walikula kwa mama lishe mmoja, walivuta sigara za pakiti moja, walipumua moshi uleule wa barabara. Baba mdogo alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 56, akaishi miaka minne upande mmoja wa mwili ukiwa umepooza. Konda wake sasa amevuka 60, ana genge la nyanya Tandika, na matenga yake huyapanga mwenyewe.

Watu wawili si utafiti, na ningeiacha habari hiyo kuwa kumbukumbu ya familia kama nisingekuja kusoma kwamba swali hilohilo, la dereva na konda, ndilo lililoanzisha elimu yote hii. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwafuatilia maelfu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa zamu nzima, na konda alipanda mamia ya vidato vya ngazi za ndani ya basi kwa siku ili kukata tiketi. Mwajiri wao alikuwa mmoja na mitaa waliyotoka haikutofautiana sana, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo uliwapata makonda kwa uchache kuliko madereva, ukawafika wakiwa na umri mkubwa zaidi, na ulipowapata haukuwaua upesi kama ulivyowaua wenzao. Tofauti ya namna hiyo ilionekana pia kati ya matarishi wa posta, waliosambaza barua kwa miguu na kwa baiskeli, na makarani waliobaki mezani.

Ninachokiheshimu zaidi kwa Morris ni kwamba hakuridhika hapo. Alirudi kwenye vitabu vya sare za kazi, ambamo vipimo vya suruali za kila mfanyakazi viliandikwa, akagundua kwamba madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makonda tangu walipokuwa vijana, jambo lililoonyesha kuwa huenda watu wa aina tofauti walikuwa wakichagua kazi tofauti tangu mwanzo. Akalichapisha hilo pia, ingawa lilitia doa hoja yake mwenyewe, kisha akaendelea kwa miaka mingi kuchunguza watumishi wa serikali waliokaa mezani wote, akilinganisha waliofanya mazoezi ya nguvu nje ya kazi na wasiofanya, na faida kwa moyo ikaonekana tena. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Lakini hatuna haja ya kwenda London kutafuta ushahidi. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliopima kisukari Ilala, hapa Dar es Salaam, na katika kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Mjini walikuta karibu watu 6 katika kila 100, wanaume na wanawake karibu sawa. Kijijini hawakufika 2. Unene na kupungua kwa kazi za mwili vilitajwa miongoni mwa sababu. Miaka kumi baadaye likachapishwa jambo lililonigusa zaidi, kwa sababu lilikuwa kama linanihusu mimi: watafiti waliwapima watu zaidi ya 200 kutoka vijiji vya Morogoro waliokuwa karibu kuhamia Dar es Salaam, kisha wakawafuata hukuhuku mjini na kuwapima tena baada ya mwaka mmoja. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi nzito walikuwa karibu wanne katika kila watano kijijini. Mjini walibaki karibu mmoja katika kila wanne. Kwa wanawake pia kiwango kilishuka kwa zaidi ya nusu. Na kila mmoja, kwa wastani, aliongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya miezi 12 tu.

Mimi nilihama Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, nikiwa na miaka 19. Najua kilichomo ndani ya namba hizo. Kule maji yako bondeni na nyumba iko juu. Shamba liko juu zaidi. Kuni ziko ng'ambo. Hakuna mtu Matombo anayesema anafanya mazoezi, na nisingependa msomaji adhani ninayasifia maisha yale, kwa maana nimeona wanawake waliopinda migongo kabla ya wakati kwa sababu ya kubeba ndoo na watoto kwa pamoja, bila siku ya kupumzika, bila chakula cha kutosha na zahanati ikiwa mbali. Aliyekimbia jembe hakukosea. Nilichokosea mimi ni kudhani kwamba nilipolitua jembe nilitua mzigo tu, kumbe ndani ya mzigo ule palikuwa na kitu ambacho mwili wangu haukuwahi kuishi bila hicho, na ambacho hapa mjini hakuna mtu angeniletea mlangoni kama wanavyoniletea wali na maharage.

Kitu chenyewe ni kukaza na kulegea kwa misuli. Tukila ugali au wali, wanga hugeuka sukari na kuingia kwenye damu, nayo haina faida mpaka iingie ndani ya seli. Kongosho hutoa insulini, ambayo hufanya kazi kama mpiga hodi: ikifika kwenye seli ya misuli, seli husogeza milango yake midogo ya kupitishia sukari kutoka ndani hadi kwenye ukuta wa nje, na sukari huingia. Mtu anayekaa siku nzima, hasa akiwa na mafuta mengi tumboni na kwenye ini, misuli yake huanza kutoisikia hodi hiyo. Kongosho hupiga hodi kwa nguvu zaidi, miaka inapita, mwishowe linachoka. Sasa, jambo ambalo ningetamani kila mtu mwenye sukari ya kupanda alijue ni kwamba misuli inapofanya kazi husogeza milango ileile yenyewe, pasipo kungoja insulini. Anayetembea baada ya chakula anaiingiza sukari kwa njia ya pili ambayo ugonjwa haujaifunga. Na si kwa wakati ule tu, kwa maana misuli iliyofanya kazi leo huendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi baadaye, hata kufikia siku ya pili, kisha huanza kusahau tena. Ndiyo maana Jumamosi moja ya jasho haiwezi kulipia deni la juma zima.

Ushahidi ulionituliza moyo, kwa kuwa ulihusu watu wa hali kama yangu, ni wa Marekani wa mwaka 2002. Watu 3,234 wenye sukari iliyopanda bila kufika kisukari waligawanywa: wengine walipewa metformini, dawa ya kushusha sukari, wengine vidonge visivyo na dawa, na wengine walisaidiwa kupunguza uzito kwa lishe na kutembea au kufanya mazoezi mengine kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Baada ya takriban miaka mitatu, walioishia kupata kisukari walipungua kwa asilimia 31 katika kundi la metformini ukilinganisha na waliopewa vidonge vitupu, na kwa asilimia 58 katika kundi la lishe na mazoezi. Sisemi hivi ili mtu mwenye kisukari atupe vidonge vyake. Asivitupe hata kidogo. Ninasema ili yule anayengoja dawa, kama nilivyokuwa nikiingoja mimi pale mbele ya nesi, ajue kwamba alichoambiwa afanye si maneno ya kumfariji.

Upande wa pili, wa madhara ya kulala na kukaa, umepimwa hata kwa vijana wenye afya. Mwaka 1966 huko Dallas vijana watano wa kiume wenye umri wa miaka 20 walikubali kulala kitandani wiki tatu mfululizo. Walipoamka, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeanguka vibaya. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta walewale watano, sasa wakiwa watu wazima wa miaka 50, na wakakuta kwamba zile wiki tatu za kitandani ziliwapunguzia uwezo huo kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka. Walipofanya mazoezi kwa miezi sita wakarudi karibu na pale walipokuwa mwanzoni mwa ujana. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka jirani aliyelazwa mwezi mzima kwa mguu uliovunjika, na jinsi sisi majirani tulivyomkataza kushika hata ufagio baada ya kuruhusiwa, tukidhani ni upendo.

Faida nyingine nitazitaja kwa haraka, si kwa kuwa ni ndogo bali kwa kuwa zimesemwa sana: presha hushuka, mishipa hubaki laini, usingizi huwa mzito, sonona na wasiwasi hupungua, mifupa hushika, na hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya matiti hupungua. Kwa mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, suala la mifupa peke yake lingetosha.

Ninataka kukaa zaidi kwenye jambo la uzito, kwa sababu ndilo linalowakatisha watu tamaa. Hapa Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, nao wamefuatiliwa na wanasayansi kwa miaka mingi. Hutembea na kufanya kazi za nguvu zaidi ya saa mbili kila siku, na matatizo ya moyo kwao ni haba. Lakini walipopimwa nishati wanayotumia kwa siku, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haizidi ile ya watu wa Marekani wanaokaa ofisini. Inaonekana mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine. Maana yake kwetu ni nzito: mazoezi peke yake hayayeyushi kitambi kwa kasi tunayoitarajia, na anayeyapima kwa mizani tu atayaacha kabla ya mwezi wa pili akisema hayafanyi kazi, ilhali ndani ya mishipa, kwenye misuli na kwenye ini lake kazi inaendelea bila kuonekana. Mimi kwa miezi saba ya kwanza nilipungua kilo 2 tu. Mashosti hawakuona tofauti yoyote. Sukari yangu, kipimo kilekile cha asubuhi, ilikuwa imeshuka hadi 5.6.

Kuna jambo jingine kutoka kwa Wahadzabe ambalo lilinishangaza zaidi. Nao hupumzika. Mwaka 2020 ilichapishwa kwamba hukaa bila shughuli karibu saa 10 kwa siku, muda ambao haupishani sana na wetu. Tofauti ni namna ya kukaa: huchuchumaa, hupiga magoti, huketi chini, mikao ambayo misuli ya miguu haizimiki kabisa kama inavyozimika kwenye kiti chenye mgongo. Nilipolisoma hilo nilimwona mama yangu juu ya mbuzi akikuna nazi, nikamwona amechuchumaa akichochea moto, nikakumbuka kwamba nyumbani kwangu mbuzi imo kabatini tangu nilipoanza kununua tui la pakiti, na kwamba mkeka umeviringishwa nyuma ya mlango, ukingoja wageni wa msiba.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, ile inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba, au nusu ya muda huo kwa shughuli nzito, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Zamani walisema usihesabu chini ya dakika 10 mfululizo. Sharti hilo wameliondoa, na kwa mtu wa Dar es Salaam kuondolewa kwake ni habari njema, maana siku zetu zimekatikakatika. Hata hivyo wanaokaa sana wanahitaji zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha watu zaidi ya milioni moja ulionyesha kwamba anayekaa zaidi ya saa nane kwa siku anahitaji takriban dakika 60 hadi 75 za mwendo wa kila siku ili hatari ya ziada ya kufa mapema ifutike. Ni nyingi, nakiri. Lakini hatua kubwa zaidi ya faida iko mwanzoni kabisa, kati ya asiyefanya chochote na anayefanya kidogo.

Nchini kwetu wito si mgeni. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliwataka Watanzania kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na klabu za jogingi za Temeke, Mbagala na kwingineko zinazijaza barabara kwa nyimbo kila mwisho wa wiki. Ninazipenda, na nimewahi kutembea na moja hadi tulipokauka sauti. Ila kwa mwanamke wa mjini vikwazo ni vya kila siku na vinatajika. Taa za barabarani hazipo mitaani kwetu, na saa kumi na moja alfajiri, muda pekee ambao joto na unyevu wa pwani vinavumilika, ndio muda wa kuporwa simu. Njia ya waenda kwa miguu, pale ilipo, imechukuliwa na meza za biashara na bodaboda. Na macho ya watu ni kikwazo pia: nilipoanza kutembea kutoka nyumbani hadi kituoni, jirani mmoja aliniuliza kwa huruma ya kweli kama mambo yamekuwa magumu ofisini, kwa kuwa kwetu anayepanda bajaji akaacha, ameishiwa. Kwa dunia nzima, mwaka 2022, wanawake wasiofikia kiwango kile cha mwendo walikuwa asilimia 34 na wanaume asilimia 29, na sidhani kwamba sababu ni uvivu wetu.

Kwa hiyo sikutafuta mazoezi; nilitafuta mahali ambapo mwendo ulikuwa umenunuliwa na mtu mwingine, nikaurudisha mmojammoja. Asubuhi nashuka daladala kituo cha Kamata badala ya Posta. Nafuata Barabara ya Nkrumah, wakati wauza magazeti wanapanga meza zao, hadi Mnara wa Saa, kisha Samora moja kwa moja mpaka sanamu ya Askari, dakika 25 hivi, na siku ya foleni mara nyingi nafika kabla ya daladala niliyoiacha. Viatu vya ofisi viko kwenye mkoba. Ngazi za ofisini nilizianza kwa kupanda hadi ghorofa ya pili na kumalizia kwa lifti, na ilinichukua wiki sita kufika ya tano bila kusimama. Chakula cha mchana nakifuata mwenyewe kwa mama lishe na baada ya kula natembea dakika 10 kivulini. Simu napokea nimesimama. Bilauri yangu ya maji ni ndogo makusudi, ili niinuke mara kwa mara kuijaza, kwani hata dakika mbili za kunyanyuka kila baada ya dakika 20 zimepimwa na kuonekana kuzuia sukari isipande sana baada ya chakula. Nguo zangu nafua mwenyewe Jumamosi, nimechuchumaa. Dada alidhani nimemkasirikia, ikabidi nimweleze. Jioni mbili kwa wiki nainua madumu ya lita tano, moja kila mkono, na kuinuka kwenye kigoda mara 15, napumzika, narudia.

Anayeanza akiwa na kisukari tayari, presha kubwa au maumivu ya kifua akitembea, aonane kwanza na daktari, na kifua kikibana njiani asimame asijikaze. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni, maana kidonda kidogo cha kiatu kwake si kidogo. Wengine wote waanze na mwendo wa kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Desemba iliyopita nilikwenda Matombo. Mama ana miaka 71. Jioni tulikaa mkekani nje ya nyumba tukichambua maharage, yeye amekunja miguu, mimi nimenyoosha yangu, na adhana ya magharibi ilipolia aliliweka ungo kando, akaegemea mbele kidogo, akasimama. Hakushika ukuta, hakushika goti. Ni kitu alichokifanya mara elfu mbele yangu nami sikuwahi kukitazama. Mwaka uliotangulia, nilipojaribu kuinuka vilevile, nilimshika bega. Safari hii nilivuta miguu, nikaweka kiganja kimoja chini, nikajisukuma, nikasimama kando yake. Alikuwa akinitazama, kanga yake mkononi.

"Bado huo mkono mmoja, mama," akaniambia, akashika njia ya kwenda kuchukua maji ya udhu.